Kufunika na Kufukia

Kazi ya ukalimani niliipata kwa sababu ya Kiswahili changu. Nilikulia kambini Tanzania, na niliporudi Burundi watu wa Gitega walinicheka kwamba naongea kama kitabu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Musinzira, sina kazi ya maana, niliposikia kwamba kituo kimoja cha wagonjwa wa akili kinatafuta mtu wa kukaa kati ya daktari na wale waliorudi kutoka ukimbizini.

Daktari mwenyewe alikuwa Mrundi, mtu wa makamo aliyesomea Ulaya. Alijua Kirundi na Kifaransa. Kiswahili alikiokota sokoni tu. Vidonge alitoa, lakini imani yake ilikuwa kwenye maneno. Siku yangu ya kwanza alinieleza kwamba jambo ambalo mtu hawezi kulisema halipotei. Linatafuta njia nyingine ya kutoka: mkono unakufa ganzi, usingizi unakimbia, neno linatokea mahali pa neno jingine. Kwake yeye, kosa la ulimi lilikuwa kama jipu: ndani yake mna kitu.

"We usinitengenezee maneno," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Mtu akisema vibaya, niletee vile iko vibaya."

Nikaitika. Moyoni nilisema hayo ni mambo ya Wazungu.

Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa mama mmoja wa Muyinga, mjane, aliyerudi kutoka Tanzania miaka miwili kabla. Aliletwa na binti yake, naye binti alikuwa amebeba mtoto wa kiume wa miezi minne. Binti ndiye aliyeeleza shida. Tangu mtoto azaliwe, bibi hakai ndani. Mtoto akilia tu, yeye anatoka mbio mpaka migombani, anajijaza kitenge mdomoni, anasimama hivyo mpaka kilio kiishe. Na kuna jingine: hasemi Kirundi. Anakielewa chote, alizaliwa nacho, lakini tangu akiwa kambini hajawahi kukitamka. Majirani wanasema anaringa, anajifanya Mtanzania. Kanisani walimwombea wiki nzima, pepo hakutoka.

"Mama yangu si mtu wa kuringa," binti alisema. "Muulize mwenyewe."

Ndiyo sababu nilihitajika. Daktari aliuliza kwa Kirundi, mama alielewa bila mimi, kisha alijibu kwa Kiswahili, nami nikageuza majibu yake kuwa Kirundi. Kila nilichosema kwa niaba yake, alikisikia.

Walikuwa wakija Gitega mara mbili kwa mwezi. Binti alingoja nje na mtoto, mbali kidogo, kwa makusudi. Mara tatu za kwanza mama alizungumzia kambi, mgawo wa unga, mumewe aliyefia huko. Mara ya nne daktari alimuuliza walivyovuka. Akaanza kusimulia vizuri, mikono imelala mapajani. Walikuwa kundi la watu kumi na kitu, wakajificha kwenye mafunjo bondeni, mvua inanyesha. Binti yake alikuwa na miaka sita, na mgongoni mama alikuwa amembeba mdogo wake binti, wa kiume, hajafikisha mwaka.

"Mvua ilikuwa kali," alisema. "Nikamtoa mgongoni, nikamfukia kwa kitenge."

Nilisikia vizuri kabisa. Nikafanya hesabu upesi kichwani: mtoto hafukiwi kwa kitenge, mtoto anafunikwa. Tena mwanzoni alikuwa amesema alimbeba hadi ng'ambo ya mpaka, sasa angemfukiaje bondeni? Basi nikamgeuzia daktari kwa Kirundi kwamba mama alimfunika mtoto kwa ajili ya mvua.

Mama aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango kidogo, akaona mwingine anaurudisha taratibu.

"Ndiyo," alisema. "Nilimfunika. Mvua ilikuwa kali."

Daktari akaandika. Baada ya hapo mama aliendelea kuja, lakini hakusema kitu. Alijibu ndiyo, hapana, tunashukuru. Alikonda. Binti alisema sasa anatoka nje hata mtoto wa jirani akilia, na usiku halali. Hali hiyo ilichukua karibu miezi mitatu, na katika miezi yote hiyo mimi nilikaa kwenye kiti changu kati yao nikijua kuna neno nimelibadilisha, na sikumwambia mtu. Nilijidai nimesahau. Ukweli ni kwamba sikio lilikuwa limeelewa kabla yangu, na nikaogopa kuwa mimi ndiye wa kulitamka.

Mama alipodhoofika mno hata kusafiri, daktari aliamua tumfuate Muyinga. Tulimkuta amekaa kwenye kibaraza anachambua maharage. Binti alikuwa ndani. Tulikuwa hatujamaliza salamu mtoto alipoanza kulia, na binti akamtuliza kama mama yeyote wa Burundi anavyofanya: "Hora, hora, mwana wanje, hora." Nyamaza, mwanangu, nyamaza.

Mama aliinuka, ungo ukamwagika. Hakufika migombani. Aliinama ukutani, akakichomoa kitenge alichokuwa ameshajijaza mdomoni, akatapika.

Nikainama kuokota yale maharage, na hapo ndipo nilipoelewa. Haikuwa kilio. Kilio alikivumilia kituoni, mtoto akilia nje kwa mbali, maneno ya kumbembeleza yasisikike. Lilikuwa lile neno, hora, linalofuata kila kilio. Ili kulikwepa neno moja, alikuwa ameihama lugha nzima.

Nikamvuta daktari pembeni, nikamwambia yote: kufukia, kufunika, na mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kirundi, bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo na wewe ulimwambia anyamaze."

Tukarudi kibarazani. 

Daktari alikaa chini karibu na mama, akanifanyia ishara nikae pia. "Mama," alisema, "siku ile uliposimulia mvua, ulisema umemfukia mtoto. Huyu hakunifikishia. Amenifikishia leo. Nakuomba radhi kwa niaba yetu wote wawili."

Mama aliniangalia. Nikasema, "Ni kweli, mama. Nilikusikia. Nisamehe."

Akajibu kwa Kiswahili kwanza. Kwamba juu ya bonde palikuwa na watu wenye silaha, sauti zao zinasikika. Kwamba mtoto alianza kulia na titi alilikataa. Kwamba mumewe alimnong'oneza amnyamazishe, na mwingine nyuma yake, na mwingine, mpaka mafunjo yote yakawa yananong'ona neno moja. Akamfunika uso kwa kitenge na kumkandamiza kifuani, naye akinong'ona lile lile. Wale watu wakapita. Akamfunga mgongoni tena, akatembea naye mpaka ng'ambo, na njia nzima hakugeuka kumtazama, maana alijua. Huko akamfukia kwa mikono, udongo ukiwa laini wa mvua.

Halafu akaacha Kiswahili.

"Nti: hora," alisema. Yaani: nikasema, nyamaza. "Yarahoze."

Yaani: mtoto akanyamaza.

Hakuna aliyenihitaji kutafsiri. Daktari alikuwa amefunga macho. Mama aliendelea kwa Kirundi, mwanzoni kwa kukwama, kisha mfululizo. Alisema mjukuu alipozaliwa wa kiume alijua amerudi yule yule mtoto wake. Daktari alinieleza baadaye kwamba kwa Kirundi kutulia na kulipiza kisasi yote mawili ni guhora, maneno yanayoandikwa sawasawa, yanatofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, na kwamba ndani ya mtu, chini kabisa, tofauti ndogo kama hizo hazizingatiwi. Mama alikuwa akisikia mtoto anabembelezwa, na ndani yake anasikia mlipa kisasi akiitwa.

Tulipoinuka kuondoka, binti alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba mdogo wake alikufa kwa homa njiani.

Mama alianza kulala. Kukimbilia migombani kuliisha, na Kirundi kikamrudia chote, hata mafumbo ya zamani. Daktari aliandika kwenye faili kwamba amepata nafuu, na ilikuwa kweli. Lakini wiki ya pili baada ya siku ile, binti alibeba mtoto wake akahamia kwa wakwe zake, Ryansoro. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba hawezi kulala nyumba moja na mama yake, akaomba asiulizwe zaidi.

Nilimpelekea daktari habari hiyo nikidhani atashtuka. "Sikumuahidi furaha," alisema. Alikuwa anatazama dirishani, na nadhani alishtuka.

Nilimtembelea mama mara moja, kama ndugu, baada ya mavuno. Kwa bahati nikamkuta binti amekuja siku hiyo kusalimia. Walikuwa wamekaa uani, kila mmoja kwenye kigoda chake, wanazungumzia mvua iliyochelewa na bei ya mbolea. Mtoto alikuwa ameanza kusimama. Alitaka kwenda kwa bibi yake, ananyoosha mikono, na mama alishaweka kazi chini kumpokea. Binti alimshika kiunoni akamrudisha mapajani mwake, pole pole, bila kukatiza maneno.

Mama akachukua kisu, akaendelea kumenya mihogo.