Nilimzika Mchoraji kwa Neno Moja

Espérance, mke wa mchoraji mmoja hapa Gitega, alinipigia simu akilia: "Dada, bwana yangu ametuacha, mi na watoto."

Mimi, mwandaaji wa maonyesho ambaye machozi yangu yako karibu, sikuuliza hata swali moja. Niliandaa maonyesho ya hisani ya picha zake ili watoto wasome, nikaitundika picha ya sura yake katikati ya maua meupe.

Siku ya ufunguzi niliwaomba wageni wasimame kimya. Mlango ukafunguka. Mchoraji akaingia, akavua kofia, akasimama kando yangu kwa heshima.

"Pole, dada. Nani amekufa?"

"Ni wewe," alijibu mkewe. "Mi nilimwambia umetuacha, uko Muyinga kwa mwanamke mwingine. Kukuzika, huyu dada alijiamulia."