Nyimbo Nilizotia Motoni

Nyinyi vijana mtakaosoma, msinihurumie. Uhuru ulikuwa bado mpya, na udongo wa kaburi la mume wangu, mtunzi wa nyimbo za kwaya, ulikuwa haujakauka. Msichana nisiyemjua akaja kuulizia karatasi za marehemu. Nikasema moyoni huyu ni mtoto wa nje, wa yule mwanamke wa Shianda niliyesikia uvumi wake, amefuata urithi.

"Mama yako ni wa Shianda?"

"Wa Lugari, kukhu," akajibu, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Nimetumwa na…"

"Hutapata hata moja." Nikazitia zote motoni.

Akalia. "Kukhu, maktaba ndiyo imenituma niziorodheshe, nyimbo za mzee zisipotee."

Watoto wangu walikuwa mlangoni, wananitazama tu.

"Ketini," nikawaambia. "Imbeni kila wimbo wa baba yenu mnaoukumbuka, huyu aandike. Hakuna mtu kula kabla hajaimba."