Gugu Karoti la Hasamba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wilaya kule Chitete, Ofisa Wanyamapori alinitazama, akaitazama kompyuta yangu, kisha akauliza kama ninaweza kutengeneza printa. Nilimweleza kwamba nina shahada ya uandishi wa programu. "Sawa, mheshimiwa," akasema, "lakini printa unaiweza?" Niliiweza. Kwa miezi ya mwanzo huo ndio uliokuwa mchango wangu katika uhifadhi.

Baadaye nilihamishiwa Tunduma, kwenye mradi wa kufuatilia mimea vamizi, yaani mimea ya kigeni inayoingia na kuisonga ya asili. Adui wetu alikuwa gugu karoti: jani kama la karoti, ua dogo jeupe, mbegu zinazosafiri na tope la matairi ya malori. Likishika malisho, nyasi zinakwisha, na swala hawana cha kula. Kazi yetu ilikuwa kulizuia lisishuke kutoka mashamba ya Mbozi hadi pori la akiba bondeni.

Niliandika programu. Mkulima alituma taarifa kwa simu. Seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa zote, ikamjibu kwamba mtaalamu atafika kuhakiki. Mratibu wa Mradi, mama makini asiyependa maneno mengi, aliagiza kila mtoa taarifa apewe alama ya uaminifu. Mtaalamu asipoliona gugu, alama inashuka. Ikishuka sana, taarifa zako zinakaa mwisho wa foleni.

"Hatuna mafuta ya kukimbiza uvumi," alisema.

Niliona ni busara. Nilichobishania ni rangi za ramani ya programu tu.

Kijiji cha Hasamba, huko Mbozi, kikatushangaza: taarifa nyingi, gugu hakuna. Mratibu akanituma. Nilianzia kwa Mama Nzowa, mkulima wa kahawa ambaye alama yake ilikuwa chini kuliko zote. Shamba lake lilikuwa safi kama ua wa kanisa Jumapili.

"Shikamoo, mama. Lile gugu liko wapi?"

"Marahaba. Si nimeling'oa? Meseji imesema mgeni anakuja. Ulitaka nikupokee kwenye magugu, majirani wanionaje?"

"Na wataalamu waliotangulia?"

"Walikula kuku, wakasifu shamba, wakaondoka." Akanitazama vizuri. "Ila lile la kijitoni mbona hamlifuati? Nimewatumia taarifa yake tangu mvua za kwanza. Lile ni jingi, peke yangu siliwezi."

Taarifa yake ya kijitoni ilikuwepo kwenye seva, mwisho wa foleni. Tulishuka pamoja. Maua meupe yalikuwa yamefuata maji kuelekea bondeni, pande zote mbili, hadi macho yalipokomea.

Mratibu aliifuta alama ya uaminifu siku niliyorudi. Meseji mpya ikawaomba wakulima waache mche mmoja wa kuonyesha, ombi lililowachekesha sana. Tuling'oa tulichoweza. Mvua zilizofuata, askari wa pori walitutumia picha: swala amesimama katikati ya maua meupe.

Mradi ulikwisha, nami nikastaafu mapema, nywele zikiwa bado nyeusi kiasi. Vijana wanaponiuliza kuhusu kazi hii, nawaambia nilijifunza lugha nne za kompyuta kabla sijauliza watu wa Hasamba hupokeaje wageni.

Mwaka huu nilipita kwa Mama Nzowa. Nikamuuliza kama bado hutuma taarifa.

"Za nini, mwanangu? Likiota shambani kwangu nang'oa."

"Na la kijitoni?"

"Lile ni lenu," akasema, akaniongezea chai.