Misumari ya Ukumbini

Mtunza ukumbi hafagii kabla hajazunguka kuta nne akiigusa misumari kwa kidole gumba, kama anayesalimia wazee mmoja mmoja. Ni mingi, maana kila shughuli iliacha wake: huu ulibeba karabai paa lilipokuwa bado turubai, ule ubao wa mkutano wa kwanza. Wapaka rangi wakija, huwaganda kama ruba. "Pakeni, lakini atakayeng'oa msumari, mimi na yeye!"

Jana binti wa mwenye duka la dawa alikuja na koleo. "Babu, harusi yangu ni kesho, nataka ukuta safi. Kutu yote hii ya nini?" Mzee akamshika mkono, akamwekea kidole juu ya msumari mmoja mnene. "Huu aliupigilia baba yako siku ya harusi yake. Mama yako ndiye aliyemshikia ngazi." Binti akashusha koleo. Kisha akauona mwingine karibu na mlango, umepinda vibaya, umetundikwa kofia ya mzee.

"Na huu, babu? Fundi gani huyu?"

"Fundi mimi," akasema mzee, akicheka chinichini. "Mke wangu alikuwa amesimama hapo ulipo, ananitazama. Mkono ukanitetemeka."

Binti akatia koleo mkobani, akaomba nyundo na msumari mpya.