Yule wa Ukuta wa Nyuma

Jumamosi za msaragambo, ile kazi ya kujitolea, pale misheni, Mbagala, kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefanya kazi kuliko sisi sote, na hilo ndilo lililonitia shaka. Tulikuwa tunajenga chekechea. Sisi waumini tulifika saa mbili, tukasali kwa kirefu, tukasogeza tofali kumi, kisha tukaulizia chai. Yeye tulimkuta keshalowa jasho.

Jumuiya yetu ilidhani ni wa jumuiya ya bondeni. Wa bondeni walidhani ni wetu. Tulipokuja kuulizana, kumbe hakuwa wa mtu.

Kamati ikahofia kiwanja. Hati ilikuwa haijatoka, na mtu anayejitolea bila kuombwa, tena asiyeimba hata wimbo mmoja, huenda kesho akadai eneo ni la babu yake. Nikapewa kazi ya kumchunguza kwa kuwa nimesoma chuo kikuu. Nilichosoma huko ni falsafa, ila sikuona sababu ya kuwakatisha tamaa.

Nilimvizia kutoka nyuma ya rundo la kokoto, rundo dogo kuliko tumbo langu. Nikaona jambo moja: hakugusa upande wa mbele. Muda wote alikuwa ukuta wa nyuma, akipima kwa macho mteremko wa kuelekea kwenye uzio.

"Shikamoo, mwalimu," alisema bila kugeuka. "Hapo uliposimama pana siafu."

"Marahaba," nilijibu nikiwa narukaruka; walishafika magotini. "Wewe wa jumuiya gani?"

"Mie Muislamu. Nyumba yangu ile pale, yenye bati la buluu. Mlango uko mtaa wa pili, ndiyo maana hamnijui."

"Sasa huku unafuata nini?"

"Nafuata maji. Mlipojenga ukumbi hamkuniuliza. Masika nzima paa lenu linamwaga kwangu, godoro la mama limeoza. Nimekuja ofisini kwenu mara mbili, naambiwa niandike barua. Safari hii nikaona nije na beleshi."

"Kwa hiyo hukuja kutusaidia."

"Mwalimu, mwezi mzima nabeba tofali zenu, nyie mnanichungulia. Mwenye ishu hapa nani?"

Akanionyesha mtaro aliokuwa akiuchimba kidogo kidogo, kutoka nyuma ya msingi hadi karibu na barabara. Zilibaki hatua kumi, na fundi wetu alishasema Jumatatu anaufukia.

Jioni ile nikaieleza kamati.

"Kumbe mpelelezi!" akasema mwenyekiti.

"Ni jirani."

"Jirani mwenye lake jambo."

Hilo sikuweza kulikanusha. Nikajikohoza, nikavaa uso wa mhandisi, nikasema mtaro ule ukifukiwa maji yatakula msingi wetu wenyewe. Sikuwa na hakika hata kidogo. Habari za godoro la mama wa mtu walizisikiliza kwa huruma na kupiga miayo. Habari za msingi walizielewa papo hapo. Kesho yake, baada ya misa, vijana wa kwaya walimalizia hatua kumi.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

"Mmeona?" mwenyekiti akasema. "Alichokitaka kakipata."

Mvua ilikuwa imeanza na kila mtu alikimbilia ukumbini. Mie nikapitia nyuma, nikachungulia juu ya uzio. Maji yalikuwa yanapita mtaroni kwenda barabarani, uani kwake hayakuingia. Mwenyewe alikuwa kasimama mvuani, kalowa chapachapa. Hakuwa anaangalia maji. Alikuwa anatuangalia sisi ukumbini, kama tulivyomchungulia yeye mwezi mzima.