Kiungo Aliyepita Getini

Asubuhi ile niliondoka Bagamoyo mjini bila kujua niendako. Chumba nilichopanga hakikuwa na ubaya wowote, ila nilikuwa nimekizoea mno. Nilikunja shuka langu, nikalitia kwenye mfuko wangu wa safari pamoja na nguo za kubadili, nikamrudishia mama mwenye nyumba ufunguo.

"Unakwenda wapi sasa?" akaniuliza.

"Nikifika nitakujulisha, mama."

Akacheka. Alikuwa amekwisha kunizoea. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa nikiifuata barabara inayonipa swali.

Pikipiki iliyonipa lifti ilinishusha Fukayosi. Nilikuwa nakunywa chai kando ya barabara nilipoona lori aina ya Fuso limejaa watu, ngoma na matawi ya miti. Timu ya kijiji ilikuwa inakwenda Miono kucheza na watani wao wa tangu zamani. Niliuliza kama kuna nafasi.

"Unashangilia nani?" akauliza mtu mmoja kutoka juu.

"Nyinyi."

"Basi panda, umeshakuwa mwenyeji."

Aliyenipandisha alikuwa muuza mananasi, sauti imemkauka kabla hata ya mechi. Mbele yake alikaa fundi cherehani mwenye kofia ya viua, mwenyekiti wa kamati ya ufundi. Kila timu ya huku ina kamati hiyo, na ufundi wenyewe si wa mpira. Ni wa kujua nani kazika nini golini, na timu iingie uwanjani kwa njia gani ili isikanyage kilichozikwa.

Hatujafika hata Kiwangwa, ubishi ukaanza. Ulikuwa juu ya kijana mmoja aliyekaa pembeni ya tairi la akiba, magoti yamegusa kidevu. Alikuwa kiungo wa kati. Ilisemekana mwalimu wa kituo cha vijana cha Dar atakuwepo Miono kutafuta wachezaji, na kijana huyo alitaka aonekane.

"Huyo hafiki popote," alisema fundi. "Kiungo gani anapeperushwa na feni?"

"Kwani mpira unabebwa begani kama gunia?" akajibu muuza mananasi.

"Mguu wa kushoto hana."

"Wewe unao? Mbona cherehani unaikanyaga kwa wa kulia tu?"

Lori zima likacheka. Fundi hakucheka. "Akipata mpira anageuka, anageuka, kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Anageuka kwa sababu anatazama! Hao wenzake wanabutua tu mbele, utadhani wanafukuza nyani shambani."

Wote waliokuwa mle walikuwa na neno. Mmoja alisema mwaka kesho atakuwa amekomaa, mwingine akasema hata mpapai hukomaa na bado ukabaki mpapai. Kijana alikuwa anakaza kamba za viatu ambazo zilikwisha kukazwa.

Tulipopita Msata fundi alisimama, akashika bomba la lori, akatangaza uamuzi wa kamati. Geti la uwanja lisikanyagwe na mchezaji yeyote. Kuna njia nyuma, kupitia kichakani, na timu yote itapita huko.

"Mimi nitapita getini, baba," alisema kijana.

Fundi akamgeukia.

"Unasemaje?"

"Nitapita getini. Nikipita kichakani nikacheza vizuri, mtasema kichaka ndicho kilichocheza. Toka asubuhi mnabishana kama naweza au siwezi. Na mimi nataka kujua."

Alisema kwa adabu, hakuinua sauti. Fundi akamwambia basi, atakayepita getini lori hili halimrudishi. Kijana akajibu, "Sawa, baba."

Miono tulifika jua limeanza kulegea. Geti lenyewe lilikuwa nguzo mbili tu, na kamba iliyofungwa vitambaa. Wachezaji wengine wakamfuata fundi nyuma ya uwanja, wakazama kichakani mmoja mmoja kwa heshima kama watu wanaoingia msikitini. Kijana alitembea peke yake hadi kwenye nguzo zile, akapita.

"Ona kijiti hiki!" alipiga kelele bibi mmoja wa Miono aliyeketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, karibu kabisa na mstari. "Fukayosi mmeishiwa watu mpaka mnatuletea kuni!"

Wachezaji wetu wengine walitokea kichakani, upande wa pili. Tuliwapigia makofi. Kabla makofi hayajaisha, beki mmoja akaanza kujikuna shingo. Akafuata golikipa. Kisha timu nzima ikawa inajikuna, na hapo watu wa Miono wakaanza kugaragara chini kwa kicheko.

"Mmepita kwenye upupu!" alilia bibi yule, machozi yanamtoka. "Jamani watani, geti tumewawekea la nini?"

Walipakwa majivu, lakini vinyweleo vya upupu vikishaingia, vimeingia. Mechi ikaanza hivyohivyo. Kijana ndiye pekee aliyekuwa na mikono yote miwili huru. Nilimtazama kama ninavyotazama fundi wa kazi nisiyoijua. Kabla mpira haujamfikia alikwisha kugeuza shingo kushoto na kulia. Kule kugeuka kulikodhihakiwa ndiko kulikomtoa katikati ya watu watatu wenye miili. Mara moja alimpenyezea mshambuliaji wetu pasi ambayo hata mimi ningefunga. Mshambuliaji alikuwa na mkono ndani ya bukta, anajikuna. Mpira ukampita.

Tulifungwa. Hata mimi nilisema "tumefungwa", si "wamefungwa". Kumbe nilikwisha kuwa mwenyeji kweli.

Filimbi ilipolia, mwalimu yule wa Dar, mtu mfupi mwenye miwani, alimwita kijana. Nilisogea nisikie. Hakumsifu. Alimwambia tu kwamba kesho asubuhi, hapahapa, atawajaribu vijana wachache wa vijiji mbalimbali, na asichelewe.

Kwenye lori, kamati ilikuwa imekwisha kutoa hukumu.

"Timu nzima imewashwa, yeye hakuwashwa," alisema fundi, huku anajikuna kiwiko. "Nani kaweka upupu?"

"Upupu umeota!" alifoka muuza mananasi.

"Hakuwashwa. Mimi nimemaliza."

Kijana hakuomba kupanda. Lori lilipoanza kuondoka, muuza mananasi alimrushia nanasi moja, akalidaka kifuani. "Kesho usiharakishe kuutoa mpira!" alipiga kelele. "Geuka kwanza! Geuka!"

Mfuko wangu nilikuwa nimekwisha kuushusha. Kijana aliniuliza kama nami nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, ila mjadala huu siwezi kuuacha haujaisha.

Bibi wa ndoo alikuwa anapita, ndoo kichwani.

"Shikamoo, bibi," alisema kijana.

"Marahaba. Kumbe una adabu! Uwanjani mbona umewapitishia wajukuu zangu mpira miguuni kama mbuzi?" Akatutazama, akatazama barabara ambako vumbi la lori lilikuwa linatua. "Wamekuacha? Haya, twendeni. Mtani nimtukane halafu alale nje? Nitawaambia nini watu?"

Nyumba yake haikuwa mbali na uwanja. Alitupa chumba cha mbele chenye kitanda cha kamba na mkeka, na wali wa nazi aliokuwa ameupika kwa ajili ya wajukuu. Nanasi akalikata mwenyewe.

"Mlango huu wa mbele komeo lake limekwama siku nyingi," alituambia. "Alfajiri mkitaka kutoka, piteni uani."

Mimi nilitandika shuka langu kwenye mkeka. Kijana alimwomba bibi mafuta kidogo ya kupikia, akachuchumaa mlangoni, akaanza kulifanyia kazi lile komeo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka likateleza.