Sauti Iliyoomba Kuni

Kuna watu wanaogopa chui na kuna watu wanaogopa nyoka. Rebeccah, mke wa Kiptanui, aliogopa binti yake mwenyewe, na ukinipa nafasi nimalize utaona hakuwa mjinga.

Walikaa kwenye mgongo wa kilima huko Konoin, juu ya mashamba ya chai ya wazungu. Kiptanui alifanya kazi kiwandani, kwenye tanuri za kukaushia majani. Rebeccah alichuma chai, na mikono yake ilikuwa myepesi hata nyapara akaacha kumsimamia. Ulimi wake nao ulikuwa mwepesi, na huo ndio uliomponza. Aliolewa akiwa yatima, na mama mkwe wake, mzee Tapkigen, alimpokea kama aliyemzaa mwenyewe. Alimfundisha kukamua, kukoroga mkaa kwenye kibuyu cha kugandishia maziwa, na kunyamaza mbele ya wanaume. Hilo la mwisho halikushika.

Mwaka wa 1949, wakati wa mvua kubwa, Rebeccah alirudi jioni amelowa, kamba ya kikapu imemchuna paji la uso. Kiptanui alikuwa zamu kiwandani, watoto wako kwa shangazi yao. Mzee Tapkigen alikuwa mgonjwa, amejikunyata chini ya blanketi kwenye kiti chake kifupi cha miguu mitatu. Akasema, "Ongeza kuni. Nasikia baridi."

Rebeccah akamjibu, "Kuni hazijileti zenyewe, mama. Vumilia mpaka asubuhi." Akajilaza.

Asubuhi jiko lilikuwa majivu matupu na mzee alikuwa amekufa. Kiptanui alisema ni uzee. Majirani walisema ni kifua. Maneno yale Rebeccah hakumwambia mtu yeyote, si mumewe, si mchungaji. Yalisikiwa na watu wawili tu, na mmoja alikuwa amezikwa.

Siku ya mazishi Chelimo, binti yake wa kwanza, alivaa gauni la buluu aliloshonewa kwa ajili ya kuanza shule. Alikuwa na miaka sita. Lishike hilo gauni, tutalirudia.

Mwaka ukapita, gauni likamtosha. Wa pili ukapita, likamtosha. Mwanzoni Rebeccah alifurahi, nani hapendi nguo inayodumu? Mwaka wa tatu furaha ikaisha. Kimutai, mdogo wake Chelimo, aliyekuwa akibebwa mgongoni siku ya mazishi, alimfikia dadake kimo, kisha akampita, na wageni wakawa wanamwamkia yeye kama mkubwa. Meno ya utoto ya Chelimo yalikataa kung'oka. Ngozi yake ilikauka ikatoa magamba, uso ukavimba chini ya macho, na akitumwa maji alirudi wenzake wakiwa wameshapika. Mtoto aliyekuwa akiruka mitaro ya chai alitembea sasa akipima kila hatua.

Halafu ikaja sauti. Rebeccah alikuwa uani, saa sita mchana, anapepeta wimbi. Akasikia mtu ndani, kwa sauti nzito ya kukwaruza, ya polepole:

"Ongeza kuni. Nasikia baridi."

Ungo ulimtoka mikononi. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha kivulini. Aliingia, na ndani hakukuta mtu ila Chelimo, amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, mikono ameielekeza motoni. Akageuza uso uliovimba, akamtazama mamake bila kupepesa. Rebeccah aliongeza kuni. Aliongeza zote zilizokuwepo.

Senge Chelangat, yaani shangazi, dada mkubwa wa Kiptanui, ndiye aliyeamua waite majina upya. Kwa Wakipsigis mtoto akizaliwa huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na likifika lake anapiga chafya. Basi huyo marehemu amemkubali. Chelimo aliitiwa majina siku alipozaliwa, lakini senge alisema aliyemkubali sasa ni mwingine. Rebeccah na mumewe walikuwa watu wa kanisa, lakini kanisa lilikuwa mbali na mtoto alikuwa karibu. Wanawake wanne wakakaa, wakampaka Chelimo ugoro puani. Wakaita. Majina tisa yalipita na yeye ametulia tu, macho mazito, kama haoni ugoro wala watu. Senge akasema, "Tapkigen." Chelimo akapiga chafya mara mbili.

Hakuna aliyecheka. "Amerudi nyumbani kwake," senge akasema. "Mtunzeni."

Basi Rebeccah akamtunza. Tangu siku hiyo Chelimo alipewa kibuyu cha kwanza cha maziwa, blanketi la mzee, na moto usiozimika. Rebeccah aliamka mapema kuokota kuni kabla ya kwenda kuchuma. Na nikueleze jambo alilolificha hata kwake mwenyewe: alianza kuona raha. Kila mzigo wa kuni aliotua ulimpunguzia ule mzigo mwingine. Aliogopa ile sauti, na akaingojea.

Mwaka wa 1955 alikuja Momanyi, dresa, msaidizi wa daktari kutoka hospitali ya misheni upande wa Sotik, kuchanja watoto ndui. Aliwapanga kwa umri. Alipofika kwa Chelimo akamweka na wa miaka sita.

"Huyo ana kumi na miwili," Rebeccah akasema.

Wengine wangecheka. Momanyi alichuchumaa, akamfungua mtoto kinywa, akahesabu meno, akamgusa shingo kwa vidole viwili, akasikiliza moyo wake kwa muda mrefu.

"Mama, huyu husikia baridi hata jua likiwaka?"

Rebeccah alirudi nyuma hatua moja. "Nani amekuambia?"

"Ugonjwa wenyewe. Kuna tezi ndogo hapa shingoni, ndiyo inayowasha mwili. Ikilala, mtoto anaacha kukua, anakuwa baridi, sauti inakuwa nzito. Moyo wake unapiga polepole mno. Mlete kwa daktari wiki hii. Akiachwa hivi, iko siku mtamwamsha na hataamka."

Daktari alisema yale yale. Akawapa chupa ya vidonge vilivyotengenezwa kwa tezi ya mnyama, kimoja kila asubuhi, bila kuruka siku.

Senge Chelangat alizitazama zile dawa bila kuzigusa. "Akipona, yule atakwenda wapi?" akamuuliza Rebeccah. "Ulikuwa naye siku alipokufa. Utamwacha aende tena?"

Senge hakujua anachosema. Alikuwa anajisemea tu, lakini lile neno "tena" lilimwingia Rebeccah hadi kwenye mfupa. Akaificha chupa ndani ya pembe ya ugoro ya marehemu. Kiptanui akiuliza, alijibu mtoto ameshameza. Siku kumi na nne alidanganya, na siku hizo Chelimo alilala zaidi, akawa mgumu kuamshwa, vidole vyake vikiwa baridi kama mawe ya mtoni.

Asubuhi ya kumi na tano Kimutai alikuwa anajiandaa kwenda shule. Chelimo alimtazama kutoka kwenye kiti mpaka alipotoka mlangoni. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mzee, polepole, "Mama. Mimi nitakua lini?"

Rebeccah alisimama na kuni mkononi. Mzee Tapkigen angeuliza kuhusu ng'ombe, kuhusu mvua, kuhusu wimbi. Hilo asingeliuliza kamwe. Aliyeuliza alikuwa mtoto, na alikuwa amekaa humo miaka yote akiitwa jina la mtu mwingine.

Akaitoa chupa kwenye pembe. Akapiga magoti mbele ya kile kiti. "Nisamehe kwa zile kuni, mama," akasema. Chelimo hakuelewa. Alimeza kidonge kwa maziwa, akauliza kama kuna uji.

Ilichukua wiki chache sauti kuanza kuondoka. Ilipungua uzito kidogo kidogo, na Rebeccah, huku akimwona bintiye anatembea mpaka kisimani na kurudi, alilia kule kwenye chai, kikapu mgongoni, kwa sababu kila siku alimsikia mzee akienda mbali zaidi. Meno mawili yaling'oka. Gauni la buluu likapanda juu ya magoti, kisha likakataa kabisa mabegani.

Julai iliyofuata ukungu ulishuka Konoin siku tatu bila kupanda. Rebeccah alirudi na mzigo mkubwa wa kuni, kama kawaida yake, akaupanga jikoni, akachochea moto hadi ukanguruma. Chelimo alikuwa kwenye kiti cha miguu mitatu, anakata mboga. Akajifuta jasho kwa mkono, akakivuta kiti nyuma.

"Mama, zimetosha," akasema, kwa sauti nyembamba ya msichana. "Toa kuni moja. Nasikia joto."

Rebeccah akaitoa.